Barua kwa binti yangu anayekwenda baharini

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Nimepata habari kwamba mafunzo yamekwisha na kwamba wiki ijayo utaondoka Mtongwe, kambi ya jeshi la maji, ukiwa baharia kamili wa manowari. Nimefurahi sana, na majirani wote wameshaambiwa, ingawa ningependa kuisikia habari hiyo kinywani mwako kabla ya kuisikia kwa kaka yako.

Kisa cha kaka wa babu yako, aliyezama na meli ya askari Khedive Ismail, unakijua, kwa hiyo sikirudii. Ninachotaka ukishike ni namna meli yenyewe ilivyozama, kwa sababu hapa nyumbani tumezoea kumtaja yeye na kuiacha meli. Khedive Ismail iliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, mapema Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwenda Colombo huko Sri Lanka, ikiwa na watu 1,511, wengi wao vijana wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia wa Kiingereza na wauguzi wa kike. Ilikuwa katika msafara wa meli tano za askari uliosindikizwa na manowari tatu. Alasiri ya tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, watu wengi walikuwa wameshuka ukumbini kusikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga kwa topido mbili, yaani makombora yaendayo chini ya maji, na katika dakika mbili hivi meli nzima ilikuwa imekwenda chini. Aliyekuwa juu ya sitaha aliweza kujirusha majini. Aliyekuwa ukumbini alikuwa na ngazi ya kupanda huku meli ikilala ubavu, na mamia ya wenzake wakiitaka ngazi hiyohiyo. Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake sita.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu, kila uingiapo chumba chochote cha meli ujue ngazi iko wapi kabla hujajua pa kukaa. Ihesabu milango kwa mkono, na uirudie njia hiyo ukiwa umefumba macho, kwani taa huzimika mapema. Jaketi la kuokolea maisha usiliweke mbali nawe kwa sababu ya joto au kwa sababu wenzako wanakucheka. Najua wakufunzi wamekwambia haya yote, lakini nakujua pia unavyosikia jambo mara moja ukadhani umekwisha kulijua.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo watoto hamkuambiwa. Nyambizi ile ilikuwa imejificha chini ya maji, na juu yake walikuwa wakielea watu walionusurika, wakipunga mikono kwa Petard na Paladin, mbili kati ya manowari zilizousindikiza msafara, wakidhani zinakuja kuwaopoa. Zilikuja zikidondosha mabomu ya kupasukia chini ya maji, na baadhi ya watu hao waliuawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Mapambano yalichukua zaidi ya saa mbili. I-27 ililazimika kuibuka, Paladin ikaumia kwa kugongana nayo, na topido ya saba ya Petard ndiyo iliyoimaliza. Mimi siwalaumu makamanda wale, maana nyambizi ingeachwa ingeifuata meli nyingine iliyojaa watu. Hata hivyo sijaweza kulizoea jambo hilo, na tangu uliposema unakwenda jeshi la maji limenirudia kwa namna mpya, kwa kuwa wewe hutakuwa abiria. Utakuwa upande wa wale waliodondosha mabomu. Namwomba Mungu usifikishwe mahali pa kuchagua namna hiyo.

Ukipita Nairobi, fika kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, uuone Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, unaowakumbuka pia vijana wa mizinga waliopotea na meli ile. Baba yako alitaka kukupeleka mwenyewe, lakini kila mwaka shamba lilimzuia, na mimi sikumsukuma.

Sasa ile fomu ya ndugu wa karibu. Andika jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, majina yote matatu, wala usiandike la kaka yako kwa sababu tu ndiye mwenye simu nzuri. Simu yangu imetengenezwa na inashika mtandao nikiwa hata kule kisimani. Nyumbani kwa babu yako habari ya kufa kwa kaka yake ilifika kwa mtu mwingine kwanza, nayo ikazunguka kijiji kizima kabla ya kumfikia mama mzazi. Jambo hilo halitajirudia kwangu. Mshahara wa kwanza usiutume wote, kwani paa la jikoni linaweza kusubiri mvua za vuli. Nunua viatu visivyoteleza, na ukishafika melini niandikie ngazi zenu ziko ngapi na wewe unalala karibu na ipi.

Mama yako