Jessye Norman msimkumbuke kwa opera tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Kila ikifika Septemba mnaandika kumbukumbu ya Jessye Norman, yule mwimbaji mweusi wa Marekani, maana ndio mwezi aliozaliwa, tarehe 15 mwaka 1945 kule Augusta, Georgia, na ndio mwezi aliofariki, tarehe 30 mwaka 2019, na kila mara stori ni ileile: opera, opera za yule mtunzi Mjerumani Wagner, halafu lile gauni la rangi za bendera Paris mwaka 1989 akiimba wimbo wa taifa wa Ufaransa, basi imeisha. Sikatai, siku ile alitisha. Ila mimi aliponikamata ni kwenye nyimbo za Kijerumani, zile fupifupi za mtu mmoja na piano, na huko hamgusi kabisa utadhani hakuziimba.

Kuna wanaosema sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa vinyimbo kama hivyo. Jamani! Chukua "Der Tod und das Mädchen" (Kifo na binti) ya mtunzi Schubert, ile aliyorekodi na mpiga piano Phillip Moll. Binti anamlilia Kifo ampite asimguse, bado mdogo, halafu Kifo anamjibu kwa upole kwamba yeye ni rafiki, hajaja kumwadhibu. Sasa Schubert hapo kampa Kifo karibu noti moja tu anairudiarudia, hakuna melodi ya kujifichia, na hapo ndio utajua nani ana sauti na nani ana kelele, manake yule mama anashuka kule chini bila kukaza koo, hatishi, anabembeleza tu, na ni huko kubembeleza ndio kunakokuogopesha.

"Erlkönig" je? Schubert aliitunga mwaka 1815 akiwa na miaka 18, shairi la Mjerumani Goethe, baba yuko juu ya farasi usiku kambeba mtoto mgonjwa na jini linamwita mtoto. Mwimbaji mmoja ndiye msimulizi, ndiye baba, ndiye mtoto, ndiye jini, na huku mkono wa kulia wa piano unagonga haupumziki (wapiga piano wanaujua vizuri wimbo huu, waulizeni mikono yao). Waimbaji wengi jini wanalifanya liwe na sauti ya kutisha tangu mwanzo. Yeye hapana, jini lake linatabasamu, unalisikia kabisa linatabasamu, mpaka pale linapochoka kubembeleza. Mtoto akimwita baba yake kila mara noti inapanda juu zaidi, na mwishoni piano inanyamaza na yale maneno mawili kwamba mtoto amekufa anayasema tu kama mtu anatoa taarifa. Hapo nani atasema sauti kubwa imezidi?

Halafu kuna wale wa kuuliza mtu mweusi wa Georgia na nyimbo za Kijerumani wapi na wapi. Wajerumani wenyewe hawakuuliza hilo, mwaka 1968 alishinda mashindano ya muziki ya München na mwaka uliofuata akapanda jukwaa la Deutsche Oper, jumba la opera la Berlin. Na kabla yake alishatangulia Marian Anderson, mwimbaji mwingine mweusi wa Marekani, ambaye Norman mwenyewe alikuwa anamheshimu sana.

Nikija kwa mtunzi Richard Strauss najua mabishano yanaanza. Zile nyimbo nne za mwisho, Strauss alizitunga mwaka 1948 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80 na akafa kabla hazijaimbwa hadharani, Norman alizirekodi na kondakta Kurt Masur na okestra ya Gewandhaus ya Leipzig mwaka 1982. Mmoja wapo, "Im Abendrot", wa wazee wawili wanaotazama jua likizama, wengi wanaumaliza kwenye dakika 7 au 8, yeye anakaribia 10. Watu wanalalamika inaburuta. Na kweli ungempa mwingine mwendo ule angekata pumzi katikati ya sentensi, lakini huyu mama pumzi yake sijui alikuwa anaiweka wapi, mstari unakwenda unakwenda mpaka wewe msikilizaji ndio unahema, na wale ndege wawili wa kwenye fluti wakianza kulia pale mwisho hakuna haraka yoyote, wazee wawili wa kwenye shairi wamechoka kutembea, sasa wakimbie waende wapi?

Kwa anayeanza, asianzie huko. Aanze na hiyo ya Kifo na binti, asome maneno kwanza, tafsiri zipo tele. Akiipenda aende "Morgen!" ya Strauss kwenye rekodi hiyohiyo ya Masur, vayolini inatangulia kwanza halafu yeye anaingia kama mtu aliyekuwa anaongea tangu zamani.

Nyimbo za mtunzi Schumann alizoimba ndio sijazikubali sana. Kwenye "Frauenliebe und -leben", mfululizo wa nyimbo za mapenzi na maisha ya mwanamke, bado namchukua mwimbaji Mwingereza Kathleen Ferrier, ile ya mwaka 1950 na John Newmark kwenye piano, na najua kwa hili wapenzi wenzangu wa Norman watanipiga mawe.

Msomaji wenu