Risala ya Kikundi cha Akina Mama Rehobothi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kijiji, kwaya zote, mabibi na mabwana: Bwana Yesu asifiwe!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama kwa barabara hii yetu. Tunajua una majukumu mengi, ndiyo maana tumekusubiri tangu saa tatu asubuhi bila kunung'unika.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianza na akina mama 12 chini ya mwembe ule. Leo tuko 31. Tunakodisha sufuria za shughuli hadi kata ya jirani, tuna cherehani 2, na tuna mradi wa kuku wa kisasa ambao kwa sasa umepumzika.

Jina Rehobothi alilichagua bibi yetu mmoja, sasa marehemu. Siku hizi utaliona kwenye saluni na vioo vya daladala, na wengi wanadhani maana yake ni baraka tu. Ni jina la kisima, Mheshimiwa. Mwanzo 26 inaeleza kuwa Wafilisti walivifukia kwa udongo visima vya Ibrahimu. Isaka akavichimbua upya, kisha watumishi wake wakachimba kingine katika bonde la Gerari. Wachungaji wa huko wakadai maji ni yao. Akakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili nacho kikagombaniwa. Akakiita Sitna, uadui. Hakushika fimbo. Aliondoka, akachimba cha tatu, na hicho hakuna aliyekigombania. Ndicho Rehobothi: nafasi, mahali papana. Jina hilohilo walilitwaa waliouanzisha mji wa Rehovot huko Israeli mwaka 1890, na Namibia pia kuna mji wa Rehoboth, kusini ya Windhoek.

Bibi alitufundisha kwamba nafasi ya Mungu humjia mtu aliyekataa kugombana lakini hakukataa kuchimba. Tumelishika neno hilo. Shida yetu ni kwamba Isaka alichimba kwanza, akaona maji, ndipo akatoa jina. Sisi tumetanguliza jina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa hakuna maji. Shimo tulilochimba kwa mikono lilifika futi 40 likagonga mwamba. Tumelifunika kwa bati baada ya mbuzi wa mzee wa kanisa kutumbukia. Tunachota kwenye bomba la kitongoji cha pili, na kwenye foleni ile Eseki tunaijua vizuri: mwezi uliopita akina mama wawili, wote waimbaji wa sauti ya kwanza, walivutana dumu la lita 20 hadi mfuniko ukapasuka. Jumapili yake hawakusimama mstari mmoja. Sitna nayo haiko mbali.

Hatusemi kwamba hatujasaidiwa. Mgeni rasmi wa kwanza alituletea mpimaji, akapigilia kigingi pale nyuma ya jiko. Kigingi kimeliwa na mchwa, tumekibadilisha mara mbili ili mahali pasipotee. Wa pili aliahidi gari la kuchimbia, tukajenga mnara wa tenki kwa mawe na mchanga tuliosomba kichwani. Juu yake sasa wanakaa kunguru. Wa tatu alikata utepe kabisa. Mkasi wake tunao, tunakatia vitambaa vya sare, na tunamshukuru.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Hatukuombi vipaza sauti, wala viti, wala sare. Tunaomba kisima kirefu pale penye kigingi, pampu ya sola, na tenki la lita 5,000. Chakula cha mafundi ni juu yetu, na mchango wetu wa fedha uko kwa mweka hazina, daftari analo hapa ukipenda kulikagua.

Sura ileile ya 26 inasema Isaka aliapishana na Abimeleki, mfalme wa Wafilisti, asubuhi, na siku hiyohiyo watumishi wakaja na habari: "Tumeona maji." Kisima hicho akakiita Shiba. Sisi viapo tumevipokea vitatu, na siku zenyewe tumeacha kuzihesabu. Utakaposimama kutujibu, tunakuomba kwa heshima na taadhima uanze na tarehe. Katibu ameshashika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.