Maji Niliyokuchemshia

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe nikituma naona tu umesomwa. Basi nimeamua kuandika hapa, kwa sababu najua hupita ukurasa huu hata kama huachi neno. Jina lako silitaji, wala la chuo, wala la yule mtu.

Msichana wangu amepata barua ya kujiunga na chuo. Ni Kisumu, mji uleule uliosomea wewe, kati ya kote alikoomba. Anaripoti Jumatatu ijayo. Alipoileta niliruka nikapiga vigelegele, kisha nikatoka nyuma ya nyumba nikasimama kando ya kamba ya nguo, palepale nilipoanika lile gauni la kijani.

Ijumaa ile uligonga mlango saa sita usiku kasoro. Ulikuwa umetembea peke yako kutoka stendi mpaka hapa Bondeni, na hilo pekee bado linaniuma: ungenipigia ningekuja hata na kanga begani. Kiatu kimoja umekishika mkononi, kamba imekatika. Hukulia. Ulisema, "Dada, nimechafuka."

Sikuuliza. Niliwasha jiko, nikabandika ile sufuria kubwa tunayopikia wageni, nikakuchanganyia maji kwenye karai na kutia chumvi. Nikakusugua mgongo kama nilivyokuwa nikikuogesha Mama akiwa sokoni. Ulipolala nilichukua gauni, lile nililokushonea mwenyewe ukienda mwaka wa kwanza. Nililoweka kwa maji baridi, kwa sababu fundi yeyote anajua maji moto hukaza doa la damu. Nilifua mpaka doa likaisha. Asubuhi nilifurahi kwamba limetoka lote. Hiyo furaha ndiyo inayoniamsha usiku.

Jumapili usiku ndipo ulipotamka jina la mwalimu wako. Jumatatu kulipopambazuka nilimgongea jirani yetu muuguzi. Hakuuliza nani wala ulikuwa umevaa nini. Aliuliza, "Saa ngapi, siku gani?" Nikasema Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ofisini kwake. Akahesabu kwa vidole, akaniambia dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Za kuzuia mimba zinafika saa 120, lakini nazo ni heri mapema. Halafu akauliza nguo ziko wapi. Nikamwonyesha kamba. Akafumba macho kidogo tu, akasema, "Zingewekwa kwenye mfuko wa karatasi, hivyohivyo, bila kufuliwa. Plastiki huozesha ushahidi. Haya, vaeni twende."

Saa nne asubuhi ulikuwa mbele ya daktari. Saa 65. Zilikuwa zimebaki 7, mdogo wangu, na ni mimi niliyekufikisha. Ni mimi niliyekukumbusha vidonge siku zote 28, ukivitapika nakupa uji, unavimeza tena. Hilo hujawahi kulisema popote.

Polisi sitaki kupaeleza sana. Kituo cha kwanza walitaka turudi Kisumu eti ndiko ilikotokea. Cha pili askari wa kike akaandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, bila maneno mengi, akatupa P3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Hospitali ya serikali haikutudai hata shilingi, na ndivyo sheria inavyotaka.

Lakini ile siku ya kamati ya chuo iliyosikiliza malalamiko yako. Nilikuwa nimekaa kulia kwako, mkoba wako nimeupakata. Mzee mmoja mwenye miwani akauliza, "Kama ni kweli, kwa nini ulioga?" Ukageuka ukanitazama, chumba kizima kikanitazama, ukasema, "Dada yangu ndiye aliyenichemshia maji."

Ni kweli. Sikatai. Lakini ulivyolisema ni kama mimi ndiye niliyekuita ofisini Ijumaa jioni. Tulitoka pale hukunishika mkono, na tangu siku hiyo hujanishika tena. Hata kwenye mazishi ya Baba ulisimama upande wa akina shangazi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nani aliwahi kuniita akanifundisha kwamba msichana akija hivyo haogeshwi? Kwetu mtoto akirudi ameumizwa anaoshwa, analishwa, analazwa. Ulisema umechafuka, na mimi nikasikia ombi.

Baadaye nilitafuta, nikasoma. Kuoga hakufuti kosa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 124, inairuhusu mahakama katika kesi za aina hii kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyetendewa peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na akaandika sababu zake. Kifungu hicho nimekisoma mpaka nimekikariri. Kama neno lako linaitosha mahakama, ile kamati ilitaka gauni la nini? Swali la yule mzee halikuwa la haki, na jibu lake halikupaswa kuwa mimi.

Na kuna jambo ambalo hukunilaumu, nami najilaumu zaidi. Wiki tatu kabla ya hapo ulinionyesha jumbe zake. Alama zako za majaribio "zimepotea", njoo tuzitafute, njoo jioni, mbona unaniogopa mrembo. Nilikuambia uvae sweta na uende na rafiki. Kumbe jumbe zile peke yake zilikuwa kosa. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 23, inasema mwenye mamlaka anayemwandama mtu kwa maombi ya ngono asiyoyataka hufungwa miaka isiyopungua 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Tungezipeleka siku ileile. Sikujua, nawe hukujua, lakini chuo kilijua. Kilijua, na bado kikaacha alama za wanafunzi zikae kwenye droo ya mtu mmoja, na mlango wake ufungwe kwa ndani baada ya saa za kazi. Huyo wa miwani angeulizwa hilo kwanza.

Unaona, nimeanza tena kujitetea. Nilikaa chini kuandika kuhusu msichana.

Sanduku lake limejaa. Ndani ya kifuniko nimeandika kwa kalamu nene namba 1195, ile ya kuripoti dhuluma za kijinsia, ambayo hupigwa bila malipo. Chini ya mashuka nimeweka mifuko miwili ya karatasi ya khaki. Jana aliikuta. Akauliza, "Mama, hii ni ya nini?" Nikasema ya kufungia viatu.

Sikuweza kumwambia, kwa sababu nikianza nitafika kwenye gauni la kijani, na hayo ni yako, si yangu kuyatoa. Anakupenda mno. Bado anauliza anti yake amekasirikia nini.

Niruhusu nimwambie. Au uje wewe mwenyewe umwambie kwa namna unayotaka, hata ukimweleza habari za maji sitakukatiza. Basi lake linaondoka Jumatatu saa moja asubuhi.