Muulize amefanya wangapi

Uyole, Mbeya
Jumapili usiku

Atupele dada yangu,

Ugonile. Sisi wazima, ila baridi inatutesa na bei ya viazi imeanguka. Nimekaa kimya tangu ule msiba wa Isyesye, nisamehe. Leo naandika kwa ajili ya Baba Mdogo.

Majibu yametoka: saratani ya tezi dume, haijatoka nje ya tezi. Wanawe wameshaamua ashuke Dar akafanyiwe upasuaji wa matundu madogo. Mwenyewe anafurahi, anasema kovu dogo, mwezi hauishi atakuwa shambani. Mimi usingizi umenipotea.

Matundu ni madogo kwa nje tu, dada. Ndani tezi inatolewa yote, kibofu kinashonwa upya na njia ya mkojo, na mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume imepita ubavuni kabisa. Damu inamwagika kidogo kweli, hilo sikatai. Lakini mshono ukivuja, au msuli wa kuzuia mkojo ukiumia? Unakumbuka mzee wa Ilemi alivyoacha kwenda kanisani baada ya upasuaji wake? Hatukujua sababu mpaka mkewe alipomlilia mama.

Daktari kijana wa hapa alinisomea utafiti wa mwaka 2009 kwenye jarida la The Lancet Oncology, wagonjwa 4,702 na wapasuaji 29, matundu hayohayo. Kwa mpasuaji aliyekwisha kufanya 10, saratani ilirudi ndani ya miaka mitano kwa wagonjwa 17 katika kila 100. Aliyefikisha 250, bado 16. Aliyefikisha 750 ndipo wakawa 9. Mia saba na hamsini, Atupele! Tena waliotoka kwenye upasuaji wa kufungua tumbo walifanya vibaya kuliko walioanza na matundu moja kwa moja. Kwa hiyo shemeji anaponiambia daktari wa huko Dar ana miaka thelathini kazini, situlii. Thelathini ya kufanya nini?

Sisemi watu wasijifunze. Hata huyo wa 750 alikuwa na mgonjwa wake wa kwanza. Ila Baba Mdogo asiwe wa kwanza bila kuambiwa.

Wewe unafanya kazi chumba cha upasuaji, unajua pa kuuliza. Huyo daktari amefanya wangapi kwa mkono wake, wa tezi dume, wa matundu? Wangapi bado wanavuja mkojo baada ya mwaka? Atasimama na nani aliyemzidi uzoefu? Akikwama, wana utaratibu gani wa kufungua tumbo? Na mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kuna aliyemtajia mzee, au wamerukia kisu tu? Mazoezi ya misuli ya nyonga aanze sasa?

Usimwambie shemeji kwamba nimekuuliza. Nijibu kabla ya Alhamisi, ndiyo siku wanayokata tiketi.

Ndugu yako,
Ambakisye