Risala ya Wakulima wa Mbaazi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Ghala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya chama chetu cha ushirika, viongozi wa serikali na wa dini, wazee wetu, wakulima wenzangu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kukubali safari ndefu ya kuja Nachingwea kutufungulia ghala. Karibu sana. Umetukuta katikati ya mavuno. Vumbi unaloliona uwanjani ni la mbaazi zinazopepetwa tangu alfajiri, na akina mama waliokupokea kwa vigelegele wametoka kwenye maturubai ya kupuria muda mfupi tu kabla ya gari lako kufika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mahitaji ya barabara na zahanati tunayo, na viongozi wetu wameshayapeleka kunakohusika. Leo tunaomba kuzungumza nawe juu ya India. Ghala hili tumelijenga hapa kwa tofali zetu, lakini bei ya kilichomo ndani yake inaamuliwa Delhi.

Pwani yetu na India walijuana kabla ya mikataba. Majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na ushahidi umo vinywani mwetu: tunaposema gari, tunapohesabu laki, tunatumia maneno yaliyotoka kule. Hata bajaji inayotupeleka sokoni ni jina la kampuni ya Kihindi lililogeuka jina la chombo. Lakini India ya leo si ile ya majahazi tu. Ni nchi yenye watu wengi kuliko zote duniani, na tangu mwaka 2008 imekuwa ikiita viongozi wa Afrika katika mikutano mikuu. Septemba 2023, mkutano wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, ulipofanyika New Delhi, Umoja wa Afrika ulipewa kiti cha kudumu. Mwezi uliofuata Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alifanya ziara huko, na uhusiano wa nchi zetu mbili ukapandishwa kuwa ushirikiano wa kimkakati. Mwaka huohuo IIT Madras, kimoja cha vyuo vya teknolojia vya India viitwavyo IIT, kilifungua tawi Zanzibar, la kwanza la vyuo hivyo nje ya India. Na wenzetu wa Tabora, Igunga na Nzega wanakinga maji ya Ziwa Victoria kwa mradi uliojengwa kwa mkopo wa nchi hiyo.

Sisi wa kusini tunakumbuka zaidi akina mama. Wanawake wa vijiji vya Lindi na Mtwara walipelekwa Tilonia, katika jimbo la Rajasthan nchini India, wakakaa miezi sita kujifunza umeme wa jua. Wengi hawakuwa na elimu ya darasani, na lugha ya walimu hawakuijua. Walifundishwa kwa rangi za nyaya, kwa ishara na kwa kurudia kwa mikono mpaka kazi ikakaa. Walirudi mafundi. Mwanamke aliyekuwa akiulizwa mumewe yuko wapi, leo anaulizwa taa ya nyumba fulani itatengenezwa lini. Msaada wa namna hii tunauheshimu kutoka moyoni.

Sasa tuje kwenye mbaazi, Mheshimiwa, maana ndizo zilizotuleta hapa.

Mbaazi tunazila, tena za nazi asubuhi hazina mfano, lakini chungu chetu hakiwezi kumaliza shamba zima. India ndiyo inayolima mbaazi nyingi kuliko nchi yoyote, ndiyo inayokula nyingi kuliko nchi yoyote, na bado hazimtoshi. Wao huanza kuvuna zao karibu na Desemba. Sisi tunavuna kuanzia Agosti, wakati ghala za kule zimeshapungua. Mwenyezi Mungu amepanga misimu yetu ikamilishane, na hakuna mtaalamu angeweza kuipanga vizuri zaidi.

Oktoba 2015 India ilikuwa na uhaba mkubwa. Kilo moja ya dali, yaani mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, ilifika karibu rupia 200 katika miji yake. Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alikuja Afrika. Akiwa Maputo nchi yake ilitiliana saini na Msumbiji makubaliano ya kununua mbaazi na mazao mengine ya jamii ya kunde kwa miaka mitano, kiasi kikipanda hadi tani 200,000 kwa mwaka. Siku tatu baadaye alikuwa Dar es Salaam. Huku kwetu habari zilienea kwamba mbaazi ni dhahabu, na watu wakafyeka mapori.

Lakini na mkulima wa India naye alisikia bei hiyohiyo. Alipanda, mvua ikamkubali, na mavuno yao yakaruka kutoka tani kama milioni 2.5 hadi karibu milioni 4.9 kwa msimu mmoja. Agosti 2017 serikali yao ikaweka kikomo cha mbaazi kutoka nje, tani 200,000 kwa mwaka, kwa dunia nzima. Hatuwalaumu. Serikali inayomlinda mkulima wake inafanya kazi yake. Ila kwetu tangazo hilo lilitukuta mbaazi ziko kwenye maturubai. Kilo tuliyokuwa tukiiuza kwa zaidi ya shilingi elfu moja ilinunuliwa kwa mia mbili, na penye bahati mbaya haikupata mnunuzi kabisa. Mwanachama mmoja hapa alipanga magunia tisa sebuleni mpaka yakaziba dirisha, akisubiri bei irudi. Fukusi waliwahi. Alipofungua gunia la kwanza akatia mkono, kilichotoka kilikuwa maganda na unga. Watoto wake wawili walikuwa wanasubiri ada. Msimu uliofuata wengi wetu tulipanda ufuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna sentensi moja katika tangazo lile la 2017 ambayo wakulima tunaomba uibebe. Kikomo hakikugusa kiasi ambacho serikali ya India ilikuwa imeahidi kwenye makubaliano na nchi nyingine. Maana yake, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa wenzetu wa Msumbiji, kulikuwa na karatasi iliyosimama kati ya mkulima na kikomo. Malawi nao walipata makubaliano yao mwaka 2021, tani 50,000 kwa mwaka.

Tangu Mei 2021 India imefungua tena mlango, na ruhusa imekuwa ikiongezwa mwaka hadi mwaka, kikomo chake tarehe 31 Machi. Mara nyingine imeongezwa mapema, nasi tunashukuru. Lakini mbegu tunayoitia ardhini Desemba huvunwa Agosti, na katikati hapo kuna hiyo 31 Machi. Ombi letu ni hili: mtakapokaa meza moja na wenzetu wa India, mkulima wa Tanzania naye aandikiwe kiasi chake, kwa miaka mitano au zaidi, na kitangazwe kabla ya mvua za kupandia. Hatuombi bei ya upendeleo. Tukijua mlango uko wazi, bei tutapambana nayo mnadani.

Wazee waliokaa mstari wa mbele wanakumbuka, au waliambiwa na baba zao, mpango wa karanga wa Waingereza. Ulianza mwaka 1947 kwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi hapa. Mwaka 1951 ukafutwa, na baadaye hata reli ikang'olewa. Aliyelima hakuulizwa ulipoanza wala ulipokufa. Ndiyo maana tunaomba kuulizwa mapema.

Jambo la pili ni dogo kwa maneno, ingawa kwetu ni kubwa. Mbaazi tunaziuza punje nzima. India wanazikoboa, wanazipasua, zinatoka dali ya njano, na faida ya kazi hiyo inabaki kule. Tunaomba mafunzo na mkopo wa mashine za kukobolea ziingie kwenye mazungumzo hayohayo. Akina mama waliotengeneza taa baada ya miezi sita hawatashindwa na mashine ya dali.

Mheshimiwa, tumekuwekea gunia moja la mbaazi za msimu huu pale mlangoni, zimepepetwa na kuchaguliwa kwa mkono. Tunaomba lifike ofisini kwako, na atakayekutembelea kutoka Delhi umfungulie atazame.

Kwa heshima na taadhima, sasa tunakukaribisha ukate utepe, kisha utuhutubie. Tunaomba kuwasilisha.