Barua kwa mwanangu Zuhura: anza na pichi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ombi lako la orodha ya vifaa vya kriketi nimelipata, na kiasi cha fedha walichochanga wazee wa skuli nimekiona. Orodha sikuletei kwanza. Ukinunua beti sita na dazeni ya mipira ukawapa wasichana wako wachezee uwanja ule wa mashimo na vichuguu, baada ya miezi miwili watakuwa wameshajifunza kuuogopa mpira. Mpira ukidunda leo kifuani, kesho kwenye kifundo cha mguu, kutoka sehemu ile ile, mtoto huanza kurudi nyuma na kugeuza uso kabla haujafika. Tabia hiyo ikishaingia mwilini, kumtoa nayo ni kazi ya miaka. Fedha yote ya mwanzo iweke kwenye pichi, ule ukanda wa katikati ambapo mpira hurushwa na kupigwa.

Umeniambia nia yako ni siku moja msichana wa Pemba avae jezi ya timu ya taifa. Nia njema, nami nipo nayo. Basi tazama ilivyokuwa. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilipochezwa Uingereza, wachezaji wa Tanzania walikwenda ndani ya timu moja ya Afrika Mashariki pamoja na wa Kenya, Uganda na Zambia. Walicheza mechi tatu, wakafungwa zote. New Zealand walipata mikimbio 309, ndizo alama zenyewe, kwa wiketi 5, yaani wapigaji watano tu wametolewa, na Glenn Turner peke yake akakusanya 171 bila kutolewa. Afrika Mashariki walijibu kwa 128 kwa wiketi 8, ova zote 60, kila ova mipira sita, zikamalizika. Mbele ya India walitolewa kwa 120, mbele ya wenyeji kwa 94. Wapigaji wale hawakuwa wanyonge. Kukaa ova 60 mbele ya warushaji wa New Zealand si jambo dogo. Lakini kwa miaka mingi kriketi ya upande wetu ilichezwa sana juu ya mkeka, na mkeka hushika mpira ukapanda juu. Kwenye majani ya Uingereza mpira hupinda hewani, ukitua huteleza. Mimi naona nusu ya kushindwa kule ilikuwa ya ardhi.

Utaniuliza, kama ni hivyo, mbona nakuelekeza kwenye saruji na mkeka? Kwa sababu pichi ya majani inataka udongo wa kinamo uliochekechwa, rola nzito, maji kila siku na mtu wa kuitunza mwaka mzima. Skuli haina mtu huyo. Pichi ya majani iliyotelekezwa ni mbaya kuliko saruji, maana kinamo kikikauka hupasuka, na mpira ukiangukia ufani huruka usoni. Unachokihitaji sasa ni mdundo wa kuaminika. Mengine watayakuta mbele.

Mahali: usiiweke katikati ya kiwanja cha mpira wa miguu. Vijana watakuchukia, na goti la mtu likigonga saruji utakuwa umemuumiza wewe. Iweke pembeni, kwenye ukingo wa kiwanja, hata kama upande mmoja mstari wa mpaka utakuwa karibu. Ielekee kaskazini na kusini, ili jua la alasiri lisimpige mpigaji machoni. Kwa hili huhitaji dira: huko Pemba kibla ni kaskazini karibu sawasawa, basi fuata mwelekeo wa msikiti wa jirani.

Vipimo. Kutoka vigingi vya upande mmoja, vile anavyovilinda mpigaji, mpaka vya upande wa pili ni mita 20.12. Sheria inaruhusu pichi isiyo ya majani iwe na urefu usiopungua mita 17.68 na upana usiopungua 1.83, lakini ukimwaga urefu huo wa chini, mrushaji anatua mguu kwenye ukingo wa saruji na udongo, na udongo ukishaliwa na mvua hapo ndipo kifundo kinapopinduka. Mwaga mita 22.5 kwa 1.83, unene sentimita 10. Ugawe katika vipande vitano vya mita 4.5, vya kwanza, tatu na tano vikimwagwa siku moja, viwili vya kati siku inayofuata, kila kiungo kikae kwenye mstari ulionyooka. Usimruhusu fundi akugawie vipande sita kwa sababu mbao zake ni fupi. Ukiwa na vipande sita, kiungo kimoja kinaangukia mita 6.3 kutoka kwenye vigingi, na hapo ndipo mrushaji mzuri anapokusudia mpira utue. Ukiwa na vitano, viungo viko mita 3.3 na mita 7.8, na sehemu yote inayotumika sana imebaki safi.

Kabla ya kumwaga, toa udongo wa juu sentimita 25 pamoja na mizizi yote, khasa ya minazi kama ipo karibu. Jaza kifusi kwa matabaka ya sentimita 10, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Fundi akijaza yote mara moja na kushindilia juu tu, chini hubaki na uwazi, masika ikifika saruji inakaa kama meza yenye mguu mfupi. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne utahitaji kiasi cha mifuko 27 ya saruji ya kilo 50, agiza 28. Mchanga mita za ujazo 2, kokoto 4. Mchanga usiwe wa pwani. Una chumvi, na watu watakwambia ukioshwa unafaa. Hakuna atakayeuosha inavyotakiwa. Sawazisha kwa mpira wa maji wa mafundi, upande mmoja uwe chini kwa sentimita 1 ili maji yatiririke. Mwisho uso usuguliwe kwa ubao, si kwa mwiko wa chuma, maana uso ukiwa kama kioo mkeka hautulii. Ukiweka ubao ulionyooka wa mita 3 juu yake, popote pale uwazi usizidi milimita 3.

Acha visanduku viwili bila saruji, kila kimoja sentimita 30 kwa 15, mita 1.19 kutoka kila ncha, ujaze kinamo kilichoshindiliwa. Humo ndimo vigingi vitasimama: vitatu, urefu sentimita 71.1, upana wa vyote pamoja 22.86. Funika saruji kwa magunia uyaloweshe asubuhi na jioni siku saba. Fanya kazi hii kipupwe, mvua zimekatika na jua si kali. Jua la kaskazi hukausha uso kabla ya kiini, ukapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui.

Juu ya saruji unakuja mkeka, na hapa mwanangu uko kwenye mali yako mwenyewe. Mkeka wa kriketi wa jadi ni wa usumba, usumba ule ule wa makumbi yanayofukiwa kwenye matope ya pwani miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa na kusokotwa na mama zako huko. Zungumza nao. Waambie uzi uwe mwembamba na sawasawa mwanzo hadi mwisho. Kamba ya kufungia ng'ombe ukiifuma inatoa matuta, na kila tuta ni mpira utakaokwenda usikotarajiwa. Kama haitawezekana, nunua zulia la nyasi bandia la kriketi lenye nyasi fupi. Lile la viwanja vya mpira wa miguu lina nyasi ndefu, linaumeza mdundo.

Kuutandika ndiko wengi wanakoharibu. Mkeka uvutwe kutoka ncha zote mbili mpaka ukilia kama ngoma, kisha pembeni ufungwe kwenye vigingi vya chuma vilivyopigwa kwenye udongo nje ya saruji, kila baada ya mita moja, vichwa vyao vikizama chini ya usawa wa ardhi. Pita juu yake miguu mitupu. Unyayo utauhisi mkunjo ambao jicho halikuuona. Mkunjo mdogo mbele ya mpigaji unaweza kumvunja mtu pua. Ukinyeshewa usiukunje, uanike umetandazwa, ndipo uuzungushe kwenye bomba.

Mpira wa ngozi usiuharakie. Wa wanawake una uzito wa gramu 140 hadi 151, wa wanaume 156 hadi 163, na yote miwili ni migumu kama jiwe. Miezi mitatu ya kwanza tumia mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme. Ukiufunga utepe upande mmoja tu unapinda hewani, na watajifunza mapema kuutazama mkono wa mrushaji. Siku ya kwanza ya ngozi, kila mpigaji awe na kofia ngumu, glavu na vikinga miguu, na mlinda wiketi vilevile. Mtandio uvaliwe ule wa kubana, bila pini hata moja. Pini chini ya kofia ngumu inamchoma mtu mpira ukigonga. Beti isimpite nyonga ikisimamishwa kando yake. Ikiwa ndefu ataishika katikati ya mpini na hatapiga mpira wa mbele ulionyooka maisha yake.

Kurusha: watoto wa shamba wana jicho, wanatungua embe kwa jiwe bila kukosa. Tatizo ni kiwiko. Kanuni za ICC, shirika la kriketi la dunia, zinamruhusu mrushaji kunyoosha kiwiko kisichozidi nyuzi 15 wakati wa kurusha, na kutungua embe kunazidi mbali. Waanze wamesimama, bila kukimbia, bega la mbele likielekea vigingi, mkono upite karibu na sikio. Wiki mbili hivyo hivyo. Akianza kukimbia mapema, kiwiko kinarudi kukunjika kwa sababu anatafuta nguvu. Na nguvu sizo zinazotafutwa. Juni 2024, Uganda ilipoifunga Papua New Guinea huko Guyana na kupata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia la T20, mchezo wa ova 20 kila upande, Frank Nsubuga mwenye miaka 43 alirusha ova zake 4 taratibu kabisa, akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Papua New Guinea wakaishia 77. Mtu anayetua mpira mahali pamoja mara 24 anawashinda wenye mbio.

Kukimbia kati ya wiketi wafundishe kwa beti mkononi tangu siku ya kwanza. Kutoka mstari wa mpigaji wa upande mmoja hadi wa upande wa pili ni mita 17.68. Beti iburuzwe chini hatua mbili kabla ya mstari. Akiibeba juu hewani anatolewa ilhali beti imeshavuka mstari.

Kuhusu mashindano, nakusihi subira. Tanzania ilipata uanachama wake wenyewe wa ICC mwaka 2001, na tangu Julai 2018 kila mechi ya T20 ya wanawake baina ya timu za taifa za wanachama inahesabiwa rasmi ya kimataifa. Hilo limefungua mlango kwa nchi ambazo kriketi ni ngeni, lakini limewaanika wengine mapema. Juni 2019, kwenye mashindano kule Kigali, wasichana wa Mali walitolewa na Rwanda kwa mikimbio 6, na 5 kati ya hiyo haikutoka kwenye beti. Siku chache baadaye Tanzania iliwapiga mikimbio 285 kwa wiketi 1, Fatuma Kibasu akapata 108 bila kutolewa. Tanzania ikachukua kombe lile. Mimi kila nikizitazama namba zile nawahurumia Mali kuliko ninavyojivunia ushindi. Watoto wako wasipelekwe Unguja wala Dar es Salaam mpaka wapigaji watano waweze kukaa ova 20 wasitolewe wote, hata wakipata mikimbio 40 tu. Kibasu naye mwoneshe kila msichana wako: aliyewahi kuwa nahodha, mpigaji wa kufungua mchezo, Mtanzania. Na mwaka 2025 wavulana wa chini ya miaka 19 wa Tanzania walifuzu kwenda Kombe la Dunia la umri wao. Njia ipo, imeshakanyagwa.

Mtafute msichana mmoja mwenye hesabu nzuri, hata kama hataki kucheza, awe mwandishi wa alama. Aandike kila mpira, na ule usiozaa kitu auwekee nukta. Baada ya mwezi mmoja daftari litakwambia nani anatolewa kwa mpira wa namna gani, na mazoezi yako yatajipanga.

Pamoja na barua hii, kijana wa boti atakupa kamba. Ni ya nailoni. Ya usumba ingevutika ikakudanganya. Ncha yenye pete ya chuma ishike kwenye vigingi. Fundo la kwanza, la uzi mwekundu, ni mita 1.22, mstari wa mpigaji. La pili ni 3.3 na la tatu 7.8, viungo vya saruji. La mwisho ni 20.12. Ukishapiga vigingi vya pembe nne, pima pembe kwa pembetatu ya 3, 4 na 5, kisha pima mishazari yote miwili ya umbo zima. Ikipishana zaidi ya sentimita moja, ng'oa uanze tena kabla fundi hajaanza kuchimba. Nitumie vipimo vya mishazari hiyo siku hiyo hiyo.

Wasalimie wenzako wote wa skuli.

Mama yako,
Unguja