Mauntingi za injini zibadilishwe kwa kupimwa, si kwa kubahatisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari ya zamani, hasa Toyota Corolla 110, na mafundi wenzangu, juu ya mauntingi za injini, yaani vile vishikizo vya chuma na mpira vinavyoibeba injini ndani ya gari. Ni kifaa kidogo, na kubadilisha zote ni kazi ya nusu siku, lakini watu wanaingia gharama mara mbili kwa sababu yake. Mmoja anabadilishiwa mauntingi nzima kumbe gari lina plagi mbovu. Mwingine mauntingi zake zimekufa kweli, halafu anashindiliwa kipande cha tairi kuukuu na kuambiwa gari limepona.

Corolla 110 yenye injini ya 5A imebebwa na mauntingi nne. Ya kulia iko upande wa taiming beliti, ya kushoto iko kwenye gia boksi, na hizo mbili ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Ya mbele na ya nyuma zimefungwa kwenye memba ya kati, kile chuma kirefu kinachopita chini ya injini kutoka mbele kwenda nyuma. Kazi yao kubwa ni kuizuia injini isijipindue inapovuta. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili kila krenki, yaani shafti kuu ya injini, inapozunguka mara moja. Ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, tuseme mizunguko 750 kwa dakika, hayo ni mapigo 25 kila sekunde. Mpira wa mauntingi ndio unaoyameza kabla hayajafika kwenye bodi, usukani na kiti chako.

Mpira ukichoka, dalili ya kwanza huonekana kwenye foleni. Gari la otomatiki likiwa kwenye D (gia ya kwenda mbele) huku umekanyaga breki, usukani na dashibodi vinatetemeka; ukiweka N (gia huru), mtetemo unapungua au unaisha. Ukiwasha AC unaongezeka, kwa sababu injini imeongezewa mzigo. Baadaye unasikia kishindo ukitoka R (rivasi) kwenda D, au "gu!" moja unapoondoka na nyingine unapofunga breki. Kwa gari la manyoya, yaani la kukanyaga klachi, gari linarukaruka ukiachia klachi gia ya kwanza, na mkono wa gia unacheza wenyewe ukikanyaga na kuachia mafuta.

Lakini mtetemo peke yake si ushahidi, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Injini inayomisi, yaani silinda mojawapo haiwaki vizuri, hutetemeka hata ikiwa na mauntingi mpya za kampuni. Kwa hiyo kabla ya kugusa boliti yoyote, sikiliza ekzosi: mlio ukikatikakatika, au mtetemo ukibaki uleule kwenye N na kwenye D, anza na plagi, waya za plagi, distributa, nozeli, uchafu wa throto bodi na mipira ya hewa iliyopasuka. Angalia pia sailensi isiwe imeshuka mno. Mizunguko 500 itatikisa gari lolote la silinda nne. Mtetemo unaokuja ukifika kilomita 80 hadi 100 kwa saa na kuonekana kwenye usukani kwa kawaida ni balansi ya matairi au rimu iliyopinda. Ule unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia, gari likiwa kwenye mwendo, mara nyingi ni jointi ya ndani ya draivu shafti. Na kugonga kwenye matuta na mashimo tu, bila kubadili gia, kutafute kwenye stebilaiza linki na bushi za mikono ya sasipensheni.

Ukishayaondoa hayo, fanya kipimo chenyewe. Gari liwe mahali tambarare, handibreki imevutwa, matairi yamewekewa vizuizi mbele na nyuma, boneti wazi. Msaidizi akae kwenye usukani na akanyage breki kwa nguvu zake zote. Wewe simama ubavuni. Mtu yeyote asikae mbele wala nyuma ya gari. Aweke D, akanyage mafuta kidogo hadi mizunguko kama 1,500 kwa sekunde mbili tu, aachie. Kisha R, vivyo hivyo. Usizidishe muda, maana gia boksi inachemka haraka sana ikikazwa hivyo. Kwenye D injini huinuka upande wa mbele na kichwa chake huegemea nyuma kwenye ukuta wa kabini. Mauntingi ya mbele ndiyo inayovutwa, kwa hiyo ikichanika utaona hapo. Kwenye R huinuka upande wa nyuma. Kusogea sentimita moja hivi ni kawaida, kwa sababu mpira umewekwa ili usogee. Ikiruka sentimita tatu, au ukasikia chuma kinagonga chuma, umepata jibu. Kwa gari la klachi, tumia gia ya kwanza halafu rivasi, ukiachia klachi mpaka injini ianze kulemewa, kisha ukanyage tena.

Baada ya hapo zima injini, chukua tochi na mtaimbo mdogo. Weka jeki chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, katikati weka ubao mpana wenye unene wa sentimita tatu au nne, unyanyue kidogo tu mpaka uzito utoke kwenye mauntingi. Mpira uliobanduka kwenye chuma hufunguka mdomo hapohapo, ingawa gari likiwa limeukalia ulionekana mzima. Hili linawapotosha wengi: wanaangalia kwa juu, wanaona mpira mweusi umejaa, wanasema ni mzima. Ule ubao nao si wa hiari. Jeki ya chuma kwenye sampu tupu huibonyeza ndani, na sampu ikibonyea inakaribia chujio la pampu ya oili na kulizibia njia. Umekuja kutibu mtetemo, ukaondoka na injini inayokosa oili.

Baadhi ya magari yana mauntingi ya kulia yenye maji mazito ndani, katika vyumba viwili vinavyopitishiana kwenye tundu jembamba. Hiyo ikipasuka huacha michirizi chini yake na injini inalala upande huo. Ukiona michirizi, hakikisha kwanza haitoki juu, maana gasketi ya kava ya tepeti (kifuniko cha juu ya injini) inayovuja, au mpira wa pawa stelingi, humwagia mauntingi mafuta kila siku. Mafuta huvimbisha mpira na kuulainisha mpaka unakuwa kama ugali uliolala kwenye maji. Kufunga mauntingi mpya chini ya gasketi inayovuja ni kutupa pesa. Ziba uvujaji kwanza.

Sasa niseme wazi juu ya kile kipande cha tairi. Mpira wa mauntingi umegandishwa kwenye chuma chake kiwandani kwa joto na gundi, na ugumu wake umechaguliwa kwa uzito wa injini hiyo. Kipande cha tairi ni kigumu kuliko huo, kina nyuzi ndani, na hakijashikana na chuma popote, kimebanwa tu. Kishindo kinapungua kwa muda, kweli, lakini mtetemo wote unahamia kwenye bodi, na kipande chenyewe kinachomoka siku usiyoijua. Kinachofuata ni gharama zisizohusishwa tena na mauntingi: fleksibo ya ekzosi, kile kipande chake kinachonyumbuka, inachanika kwa sababu injini inaivuta kila unapoondoka, hosi ya rejeta inasuguana na feni, mabomba ya AC yanapasuka kwenye maungio, na mauntingi zilizobaki nzima zinabeba mzigo usio wao. Kujaza silikoni au kupitisha boliti ndefu katikati ni dawa ya aina ileile. Fundi anayefanya hivyo kwa gari la mteja bila kumwambia anamkosea.

Kwenye kununua, usiende Gerezani au Kariakoo ukasema "nipe mauntingi za 110". Soma namba ya fremu kwenye kibati kilichoko ndani ya boneti. AE110 ni injini ya 5A ya sisi (cc) 1,500. EE111 ni 4E ya sisi 1,300. AE111 ni 4A ya sisi 1,600. Na ya otomatiki inaweza kutofautiana na ya klachi hata kama injini ni moja. Njoo na ile ya zamani mkononi, linganisha mashimo ya boliti na urefu wa chuma. Mtumba kutoka Japani unaweza kufaa kwa vifaa vingine vingi. Kwa mauntingi siushauri, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na ule wa mtumba umeshazeeka ndani ya gari la mwenzako. Hata mpya, pinda kidogo na uangalie kwenye mshono wa mpira na chuma: vimistari vidogo vya kupasuka maana yake ni stoki ya siku nyingi. Ikiwa mbili au tatu zimekufa, badilisha zote nne. Ikiwa ni moja tu na nyingine zimepimwa zikaonekana nzima, hakuna sababu ya kumlazimisha mwenye gari anunue zote.

Kazi yenyewe ifanyike injini ikiwa baridi. Nyunyizia boliti mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, hasa zile za memba ya kati zinazopigwa na maji na tope. Toa terminali ya hasi ya betri. Nyanyua mbele, weka stendi imara chini ya chasisi, usifanye kazi chini ya jeki peke yake hata kwa dakika moja. Nyingi ya boliti hizi zinataka soketi namba 14 na 17 pamoja na ekstensheni ndefu.

Fungua mauntingi moja kwa wakati mmoja, jeki na ubao vikiwa vimebeba injini. Kwa ile ya kushoto hamishia jeki chini ya gia boksi. Nyanyua kidogokidogo huku ukiangalia hosi za rejeta, nyaya na ekzosi visivutwe. Mauntingi ya zamani ikitoka, safisha nyuzi za boliti kwa brashi ya waya, na angalia kama memba ya kati imepinda kwa kugonga mawe. Anza kuingiza kila boliti kwa vidole. Ikigoma, sogeza injini kwa jeki au kwa mtaimbo mpaka tundu zilingane. Usiilazimishe kwa spana, maana nyumba ya gia boksi ni aluminiamu na nyuzi zake zikiharibika umejitafutia kazi ya siku mbili. Ukikuta waya wa athi (unaorudisha umeme upande wa hasi wa betri) umefungwa kwenye mauntingi au kwenye brekti yake, rudisha palepale ukiwa umeusugua. Ukisahauliwa, stata inakuwa nzito na umeme unatafuta njia nyingine kurudi betri, ikiwemo kebo ya mafuta.

Hatua inayorukwa na mafundi wengi ni kukaza. Boliti zote zikishaingia, zikaze za kushika tu. Shusha jeki kabisa ili injini ikae kwa uzito wake, rudisha terminali ya betri, iwashe, pitisha D na R mara kadhaa breki ikiwa imekanyagwa, uzime. Sasa injini imejipatia nafasi yake. Kaza ya kulia na ya kushoto, kisha boliti za memba ya kati, na mwisho kabisa zile boliti ndefu zinazopita katikati ya mauntingi ya mbele na ya nyuma. Ukikaza hizo kwanza, jeki ikiwa bado chini, unaufunga mpira ukiwa umejipinda. Unakaa hivyo usiku na mchana, unatetemesha gari siku ya kwanza, na unachanika mapema kuliko ule ulioutoa. Gari nyingi zinazorudi gereji kwa malalamiko ya "mauntingi feki" zinaponyeka kwa kulegeza hizo boliti mbili, kuacha injini itulie na kukaza upya. Tumia toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo cha kitabu cha gari hilo, si bomba refu na nguvu za bega.

Baada ya kilomita 500 zirudie kwa spana, boliti moja baada ya nyingine. Na wewe mwenye gari, ukikabidhiwa gari dai mauntingi zako za zamani uzione, uzishike kwa vyuma vyake na uzipinde. Zile zilizokufa zitafunguka mdomo. Zisipofunguka, muulize fundi wako alizipima kwa njia gani.

Fundi magari,
Ilala, Dar es Salaam